Yule dogo wa kripto pale Mwanjelwa: "RUDI KWENYE PARACHICHI"?? Mimi??

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka na si baridi ya Mbeya.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa meza ya kusajili laini, mwenye simu tatu, anayejiita "injinia". Nusu ya jukwaa hili mmeshakaa kwenye lile benchi lake bovu mkisubiri awape bei.

Nina USDT zangu, zile sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola, ziko kwenye mtandao wa Tron, TRC20, nimelipwa na mteja wa parachichi. Nataka ETH, sarafu ya mtandao wa Ethereum. Nikamwambia kwa mdomo wangu: "Mdogo wangu, nibadilishie hizi, nipe ETH." Nikampa anwani yangu inayoanza na 0x. Yeye akanipa yake inayoanza na T, nikatuma, ikaingia hata hajamaliza kumeza chapati. Akasema tayari, kashatuma. Nafungua waleti: sifuri. Navuta chini: sifuri. Nazima data nawasha: sifuri, tena imenona.

Nikamuuliza kwa upole. UPOLE, wakuu. "Mdogo wangu, mbona haionekani?" Hakuinua hata kichwa. Akajibu, mbele ya mama wa vitumbua, mbele ya kijiwe kizima cha bajaji, mbele ya baba mkwe wangu aliyekuwa anajipitia zake na kuku mkononi:

"Mzee, ipo, hujui tu kuangalia. Rudi kwenye parachichi."

RUDI KWENYE PARACHICHI.

Mimi! Niliyemkopesha hela ya hiyo meza! Bajaji walicheka mpaka mmoja akaachia breki. Mama wa vitumbua akageukia karai lake, mabega yanamtikisika. Baba mkwe alijifanya anamkagua kuku. Na huyo kuku mwenyewe simwelewi elewi.

Kumbe bwana mkubwa kanitumia ETH ya mtandao mwingine, BNB Chain, BEP20, maana huko ada ni senti, angetuma kwa Ethereum ada ingemuuma yeye. Anwani ya 0x ni ile ile kote kuwili, kwa hiyo mzigo umefika kweli, ila umeshukia upande ambao sikuuomba. Kuuvusha nahitaji daraja, yaani huduma ya kuhamisha sarafu toka mtandao mmoja kwenda mwingine, na kabla ya daraja nahitaji BNB, sarafu ya mtandao huo, ya kulipia gesi, yaani ada, na BNB sina hata punje. Sasa nani anauza BNB pale Mwanjelwa? Yeye! Kwa bei yake! "Nikuwekee ya elfu ishirini, mzee?" Na hiyo pia bila kuinua kichwa!

Hilo la gesi nalimeza, hela inatafutwa. Ninachouliza mimi ni kimoja: parachichi imeingiaje pale? Nani alitaja parachichi? Rudi kwenye parachichi! Mbele ya mkwe!

Modi msifute.

Mnyaki_Orijino: Hahahaha kuku kafanyaje tena mkuu

GesiKidogo: Pole mkuu, lakini mtandao ulimtajia? ETH iko Ethereum, iko Arbitrum, iko Base, na BNB Chain kuna ile iliyofungwa thamani na ETH ya kweli. Kusema "nipe ETH" halafu ukanyamaza ni kupanda basi lolote kwa kuwa limeandikwa "Mbeya" ubavuni.

Mleta uzi: Kwa hiyo na wewe unanirudisha kwenye parachichi? Sema wazi tujuane.

GesiKidogo: Sijasema hivyo mkuu. Ongeza mtandao wa BNB kwenye waleti yako utaiona imekaa.

Mleta uzi: Nimeshaiona. Sijaja hapa kutafuta ETH, nimekuja kutafuta heshima yangu.

BintiIsyesye: "Rudi kwenye parachichi" nimeshaiweka stetasi. Dada yangu kaiweka. Mama mkubwa naye kaiweka.

Makambako_Njiapanda: Wewe angalau chako kimefika. Mimi nimevusha USDT kutoka Tron kwenda Solana, huku imekatwa, kule haijafika. Naandikia huduma kwa wateja najibiwa na roboti, inaniita "mpendwa". Mke wangu kaona hilo "mpendwa" sasa nina kesi mbili.

MzeeWaChati: Madaraja hayo mnayachezea. Februari 2022 pale Wormhole mtu alijichapishia ETH 120,000 za hewa upande wa Solana, hasara zaidi ya dola milioni 300. Mwezi uliofuata Ronin ikapigwa, zaidi ya milioni 600. Huyo dogo kakuepusha na mengi, kamshukuru.

Mleta uzi: NIKAMSHUKURU???

KijanaIwambi: Nenda polisi mkuu, usikubali.

WakiliWaKijiweni: Akaseme nini? Benki Kuu (BoT) walitangaza tangu 2019 kwamba hizi sarafu si fedha halali nchini. Halafu 2024 Sheria ya Fedha ikaleta kodi ya zuio asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Akifika kaunta ataanza kuulizwa yeye.

BintiIsyesye: Na mlalamikaji ajaze kazi yake: parachichi.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Hakuinua KICHWA. Mngeniona mnavyonijua mimi, nimesimama pale nimeshika simu, mtoto niliyemwona anakua.

DadaMpakani: Hao wa meza wana nafuu, njooni Tunduma kwa wabadilisha kwacha ya Zambia. Anakuhesabia noti mbele ya macho yako, ukifika nyumbani zimepungua. Shangazi yangu alishawahi kupewa noti za kabla ya 2013, zile za zamani zenye sifuri tatu za ziada. Alifurahi njia nzima, akatangaza na harusi.

Mnyaki_Orijino: Harusi ilikuwepo?

DadaMpakani: Ilikuwepo. Tulikula maharage.

Mnyalu_Ipogolo: Kamwene. Mimi Tunduma nilishaiweka pembeni. Si kwacha, ni malori. Unatoka Iringa alfajiri na mapema, unakuja kulala barabarani unaiona taa ya mpaka.

KijanaIwambi: Leo foleni imefika wapi?

DadaMpakani: Mchana ilikuwa Mpemba. Sasa hivi sijui, nasikia imepanda huku Vwawa.

Makambako_Njiapanda: Na hizo njia nne wanazojenga zikiisha mniite niamke.

Mleta uzi: Wakuu, mada.

MzeeWaChati: Njia ya vumbi kwa nyuma inapitika? Nina gari dogo.

DadaMpakani: Kama haijanyesha. Jana mtu kaacha bampa huko.

BintiIsyesye: Kuna anayekwenda Vwawa kesho? Nina gunia la viazi na mama mkubwa.

Mnyaki_Orijino: Uzito wa nani zaidi?

BintiIsyesye: Ataisoma hii, shauri yako.

Mleta uzi: Mimi nakwenda. Natoka Kabwe saa kumi na moja alfajiri, viazi nyuma, mama akae mbele. Nauli tutaelewana, ila shilingi taslimu.