Tumkumbukeje Padre Cecil Majaliwa: mwalimu au mmisionari?

Mwana wa Mtaa ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Kanisani kwetu nimekabidhiwa kazi ya kuandaa maelezo ya ukurasa mmoja juu ya Padre Cecil Majaliwa, yatakayosomwa siku ya kuwakumbuka waliotutangulia katika imani. Kila ninayemuuliza hunijibu kwa sentensi ile ile, kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, mwaka 1890. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inanipa cheo chake bila kunionyesha mtu mwenyewe. Naomba mnisaidie kujua alikuwa akifanya nini kabla ya kuwekewa mikono, na pia kama ni sahihi kumwita mmisionari, maana alitumwa kwa Wayao, naye mwenyewe alikuwa Myao.

Mkaazi wa Mkunazini amejibu:

Anzia utumwani, kwa sababu hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Majaliwa alitolewa bara akiwa mtoto, akafikishwa Unguja kama bidhaa, na baada ya kuachiwa huru akalelewa na misheni. Alisoma Kiungani, chuo cha wavulana nje kidogo ya mji, ambako vijana walifunzwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ili wawe walimu na wahudumu wa kanisa. Akafundisha Mbweni, katika shamba ambalo misheni ililinunua mwaka 1871, na ambako watu wengi walioachiwa huru walipewa mahali pa kuishi na kulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alipelekwa Canterbury, Uingereza, kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, kisha akarudi na kufanywa shemasi mwaka 1886. Hakuwa shemasi wa kwanza Mwafrika katika misheni hiyo. John Swedi alimtangulia mwaka 1879.

Baada ya hapo alitumwa Chitangali, katika nchi ya Wayao kusini mwa Tanganyika ya baadaye, kwa chifu Nakaam, ambaye baadaye alibatizwa kwa jina la Barnaba. Kwa hiyo alikwenda ugenini na wakati huo huo alikuwa anarudi kwao, jambo ambalo Mwingereza yeyote wa misheni ile asingeweza kulifanya. Mimi ningemwita mmisionari bila kusita, kwa kuwa mtu aliyeng'olewa utotoni hukuta hata kwao pamekuwa nchi ya kujifunza upya.

Mstaafu wa Chaki amejibu:

Nakubaliana na Mkaazi, ila ningependa neno «mwalimu» lipewe uzito zaidi, wala si kwa sababu ya kazi iliyonizeesha mimi. Miaka ile ile Uislamu ulikuwa ukienea kwa kasi miongoni mwa Wayao kwa njia ya misafara ya biashara iliyokwenda na kurudi pwani, na katika miji ya machifu neno hilo lilimaanisha mtu mwenye kitabu, ajuaye kusoma na kuandika barua, ambaye kuwa naye kulimpa chifu heshima mbele ya majirani zake. Majaliwa alifika akiwa na sifa hizo zote, na lugha ya mama yake juu yake. Watu wa Chitangali walimpokea kwanza kama mwalimu, na mahubiri yakapita katika mlango huo.

Usisahau pia mwaka 1888, pwani ilipowaka moto dhidi ya kampuni ya Wajerumani, hata Wajerumani wakaondoka Lindi na Mikindani. Lindi ndiyo iliyokuwa bandari ya kituo chake. Hebu fikiri maana yake kwa shemasi aliye bara, ambaye barua, vitabu na mahitaji yake yote hupitia njia hiyo moja, tena kwa mabega ya wapagazi. Askofu Smythies alimpa upadre miaka miwili tu baadaye, na sidhani kwamba alikuwa anampa zawadi.

Ukitaka kugusia jando na unyago, uliza wazee wa Masasi kabla hujaandika neno. Suala hilo liliwasumbua mapadre wote wa upande ule, Waafrika na Wazungu, na halikuanza kutafutiwa njia ya wazi hadi zama za Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926.

Mjukuu wa Mbweni amejibu:

Mmeandika mengi mazuri, wazee wangu, na hakuna aliyemtaja Lucy Magombeani. Huyo ndiye mkewe Majaliwa, binti aliyelelewa na kusomeshwa Mbweni, katika shule ya wasichana ambayo magofu yake yapo hadi leo karibu na bahari. Shule ile iliwaandaa wasichana kuwa walimu, na wengi wao wakaolewa na vijana wa Kiungani na kwenda nao bara. Kituo cha misheni kisingesimama kwa mwanamume mmoja mwenye kanzu na kitabu cha sala. Nyumba yake ndiyo iliyotazamwa na wenyeji kila siku. Ukimweka Padre peke yake katika ukurasa wako, utakuwa umeandika nusu.

Mwana wa Mtaa amejibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu pamoja na mjukuu wa Mbweni. Nimekwisha kuifuta aya yangu ya kwanza, iliyoanza na mwaka 1890. Sasa inaanza na Mbweni, ubao na watoto, na jina la Lucy limo katika sentensi ya pili. Habari za jando nitaziacha hadi nitakapokwenda Masasi mwezi ujao, kwa kuwa ukurasa wenyewe ni mmoja na mzee wetu wa kanisa amesema hataongeza hata mstari.