Tetemeko linaenda wiki mbili na hakuna anayelisikia, wajuzi njooni mnieleweshe

KijanaWaTukuyu:
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kimenivuruga kichwa, eti kule chini ya kisiwa cha Vancouver, Kanada, kila baada ya miezi kama 14 hivi linapita tetemeko linaloenda wiki mbili hadi tatu, ukilipigia hesabu nguvu yake linafika ukubwa wa 6 na ushee, na hata kikombe hakianguki mezani. Mimi najua tetemeko ni sekunde tu, likizidi sana ni dakika chache. Sasa inakuwaje mwamba uteleze taratibu hivyo, halafu jirani yake hapohapo siku ikifika aue watu? Na pili, kama presha inatoka kidogokidogo si ndo neema, hilo kubwa litatoka wapi tena?

Mwamba Mgumu:
Mkuu swali zuri sana hili. Iko hivi, pale kuna bamba la bahari (kipande kikubwa cha gamba la dunia) linaitwa Juan de Fuca linazama chini ya Amerika Kaskazini, kasi yake ni kama sentimita 4 kwa mwaka. Sehemu ya juu mabamba yameng'ang'aniana kabisa hayaendi popote, chini sana kuna joto kali kwa hiyo yanateleza muda wote bila shida na mtu, katikati hapo, kina cha kilomita 30 hadi 40, ndo kwenye hiyo kitu yako ya wiki mbili.

Mchawi ni msuguano. Sukuma kabati zito sakafuni, linagoma, unaongeza nguvu, mara linachomoka ghafla unakaribia kuanguka nalo, maana likishaanza kwenda msuguano umeshuka. Wanasayansi Brace na Byerlee mwaka 1966 walisema miamba ndo inavyofanya kwenye tetemeko. Baadaye Dieterich na Ruina wakaleta hesabu zake, kwamba msuguano unabadilika kulingana na kasi na pia muda ambao nyuso mbili zimekaa zimegusana. Sasa kuna miamba ukiiongezea kasi msuguano unapungua, hiyo ndo inayochomoka, na kuna mingine kasi ikiongezeka msuguano nao unapanda kwa hiyo inajizuia yenyewe. Matetemeko ya polepole yanaonekana kukaa pale mpakani, ufa, yaani pale mabamba yanapogusana, unaanza kuchomoka halafu haufiki kasi ya kutikisa.

Na usisahau maji!! Bamba linashuka na maji ndani ya madini yake, joto na mgandamizo vinayakamua, yananasa kwenye ufa yakiwa na presha inayokaribia uzito wa mwamba wote ulio juu. Kwa hiyo ufa unakuwa kama haujabanwa vile. Ushahidi ninaoupenda mimi ni huu, kuna mitetemo hafifu, ya kunaswa na vipimo tu, inayoambatana na huo utelezi, nayo inazidi na kupungua kufuata bahari kujaa na kupwa. Yaani maji ya bahari yapande kidogo tu halafu kitu kilicho kilomita zaidi ya 30 chini kishtuke, ufa uliobanwa sawasawa ungeanzaje kujali hiyo?

Bibi Tosheka:
Naongezea walivyokigundua maana ni stori tamu. Mwaka 1999 vituo 7 vya GPS upande huo wa Kanada na Marekani vilionekana vinarudi nyuma milimita chache, kinyume na vinavyosogea siku zote, na hakuna tetemeko lililorekodiwa. Mtafiti Dragert na wenzake wakachapisha 2001. Kule Japani, baada ya tetemeko la Kobe la 1995 walikuwa wametandaza mtandao mkubwa wa vipimo, mtafiti Obara akanasa mitetemo hafifu ya kina kirefu isiyohusiana na volkano, akatangaza 2002. Mwaka uliofuata Rogers na Dragert wakaonyesha kwamba Kanada utelezi na mitetemo vinakuja pamoja. Wengine walikuwa nayo kwenye karatasi miaka yote wanaiona kelele tu.

Mwamba Mgumu:
Sasa swali la pili mkuu, hapana, si neema. Utelezi wa chini unapunguza mzigo pale pale tu ulipotokea, sehemu ya juu iliyong'ang'ania ndo inabebeshwa. Na hiyo ya juu ilishachomoka tarehe 26 Januari 1700, ukubwa wa kama 9, tunaijua tarehe kwa sababu tsunami ilifika Japani ikaandikwa kule.

Angalia pia Japani 2011. Tarehe 9 Machi lilipiga la 7.3, kukawa na utelezi wa polepole unaosogea kuelekea pale kubwa litakapoanzia, tarehe 11 likaja la 9. Meksiko upande wa Guerrero 2014 nako utelezi wa polepole ulikuwa unaendelea ndipo Papanoa ikapiga la zaidi ya 7. Lakini msikimbilie kusema ni dalili, Vancouver yamepita mengi tu na kubwa halijaja.

Na kinachonitisha zaidi ni kwamba sehemu ya juu kabisa karibu na mfereji wa bahari wengi waliihesabu kuwa haina neno. Kule Japani ikateleza zaidi ya mita 50 siku ileile ya tarehe 11. Meli ya utafiti ya Chikyu ilienda kuchimba hapo 2012 ikakuta udongo laini wa mfinyanzi, msuguano kama 0.08 wakati mwamba wa kawaida ni 0.6 na kuendelea. Kwa hiyo mtu akichora ramani akasema hapa salama hapa hatari, mimi namuuliza maswali kwanza.

Chalii wa Ngarenaro:
Oya na huku kwetu je? au ni mambo ya wenye bahari ya Pasifiki tu

Bibi Tosheka:
Huku Afrika Mashariki hakuna bamba linalozama mwanangu, mabamba yanaachana. Lakini polepole tunayo pia, tena jirani yako. Julai 2007 pale mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, yale matetemeko yaliyosikika mpaka Nairobi, kubwa lake la 5.9 tarehe 17. Mtafiti Calais na wenzake walipitia data za GPS na rada za setilaiti wakakuta ufa uliteleza taratibu siku kadhaa, halafu ndo magma ikajipenyeza chini kwa chini. Volkano ya Lengai ikalipuka Septemba mwaka huohuo.

Chalii wa Ngarenaro:
Kumbe ndo ile!! nilikuwa dogo lakini majivu ya Lengai nayakumbuka