Mjadala: Mwanafunzi wa ualimu wa awali Dar es Salaam afanyie BTP darasa gani?

Mleta mada, mwalimu wa awali, Mbagala

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Napendekeza iwe sharti: anayesomea ualimu wa elimu ya awali kwenye chuo chochote cha Dar asihitimu mpaka BTP yake, yale mazoezi ya kufundisha, awe ameifanyia walau mara moja katika darasa la awali la shule ya serikali lililojaa. Asiende kutazama. Afundishe, tangu kupokea watoto asubuhi hadi wa mwisho achukuliwe na dada yake.

Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 milango ilifunguka, wazazi wakaitikia, na ni jambo jema kabisa. Lakini pembezoni mwa jiji, Chanika, Majohe, Mbagala, darasa la awali lenye watoto zaidi ya mia halimshangazi mtu. Wengi niliosoma nao waliomba BTP kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza. Siwalaumu: zilikuwa karibu na chuo, chai ipo, na mwenye shule akikupenda anaweza kukuajiri. Wakamaliza wiki zao na watoto 20, msaidizi wa darasa, na kona za ujifunzaji zenye vifaa vya dukani. Kisha ajira ya serikali ikatoka, wakakuta chumba kimoja, mkeka mmoja na watoto wanaongoja zamu chini ya mwembe.

Watu husema kundi kubwa huwezi kulifundisha, unalichunga tu. Sikubali. Upo ujuzi wake, na unafundishika. Unagawa watoto kwa makundi yenye majina ya wanyama au matunda, kila kundi na kiongozi anayebadilishwa kila wiki ili wote wapate. Kundi moja linakaa nawe kuhesabu kwa vizibo, lingine liko nje linachora kwenye mchanga, lingine kona ya nyumbani na makopo yake, halafu wimbo mmoja unaolijua darasa zima ndio unaohamisha makundi, si sauti yako. Hadithi unaisoma mara mbili au tatu kwa makundi, ukiwa na picha kubwa uliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila, maana kitabu kidogo cha picha mtoto wa safu ya nne hakioni. Kwenda chooni kuna utaratibu wake, kunawa kuna utaratibu wake. Kubwa kuliko yote, unajifunza kuwa na orodha ya watoto watano wa kuwaangalia kwa karibu kila siku, ili kufikia Ijumaa wawili watatu wasiofungua kinywa tangu Januari uwe umewaona. Hayo sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na mwalimu wa kujitolea ambaye wazazi walikuwa wakimchangia posho.

Mkufunzi, chuo binafsi

Mwalimu, ulichoeleza kuhusu makundi nakichukua kesho asubuhi. Sharti lako bado nalikataa, na nakuambia kwa nini.

Tumewahi kupeleka wanachuo shule za namna hiyo. Siku ya pili mwalimu mkuu, ambaye naye ana upungufu, anamhamishia mwanachuo darasa la tatu akafundishe hisabati. Nikienda kumkagua namkuta hana andalio la somo la awali hata moja. Aliyebaki kwenye awali anajifunza kile anachokiona: herufi zinaimbishwa darasa zima, mtoto anayepinda mgongo anachapwa. Mwanafunzi wa ualimu huiga. Kwanza aone kazi ikifanyika vizuri, ajue mtoto wa miaka mitano anaweza nini akipewa nafasi. Bila picha hiyo kichwani atakwenda Mbagala na kuamini kwamba kuimbisha ndiko kufundisha.

Mwanafunzi, mwaka wa pili, astashahada

Mimi naishi Kimara. Chumba nimelipia miezi sita kwa mkupuo kwa sababu baba mwenye nyumba hataki chini ya hapo. Mkinipanga Chanika ni magari mawili au matatu kwenda, hivyohivyo kurudi, na BTP haina posho, na manila na rangi nanunua mwenyewe. Sikatai darasa kubwa, wadau. Nauliza tu nauli inatoka mfuko gani.

Mzazi, Sinza

Mnazungumzia makundi na kona, sisi wazazi tunataka mtoto akifika la kwanza ajue kusoma. Mengine baadaye.

Mwenye kituo cha kulelea watoto mchana, Tabata

Ninyi nyote mnaanzia miaka mitano. Sera ya Elimu ya 2014 yenyewe ilitaja watoto wa miaka mitatu hadi mitano, na vituo kama changu, vinavyosajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 kupitia ustawi wa jamii, vina hata wa miaka miwili. Desemba 2021 serikali ilizindua PJT-MMMAM, programu ya malezi ya mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Mhitimu wa chuo anakuja kwangu na azimio la kazi, ule mpango wa masomo ya muhula, lililoandikwa vizuri sana, lakini mtoto aliyeachwa na mama yake kwa mara ya kwanza akilia hadi kutapika, anaita dada wa usafi. Kama mnaweka masharti ya BTP, wekeni na wiki chache kwenye vituo.

Mleta mada

Dada wa Tabata, hilo nakubaliana nalo moja kwa moja.

Mzazi wa Sinza, ninaheshimu hamu yako. Ila mtoto anayeimbishwa a-e-i-o-u ubaoni mwaka mzima si yule anayesoma. Mfunike herufi ya jirani umuulize hii moja ni ipi. Anayezishika herufi, akazichonga kwa udongo na kuzitafuta kwenye jina lake, ndiye atakayesoma la kwanza.

Mkufunzi, umesema kweli kuhusu kuiga, kwa hiyo nabadilisha pendekezo: BTP ya kwanza kwenye darasa tulivu lenye mwalimu mzuri, ya pili kwenye darasa lililojaa. Lakini naomba tusifundishe wanachuo kwamba mbinu nzuri ni mali ya shule za Masaki. Maria Montessori, ambaye jina lake leo linabandikwa kwenye mageti ya shule za ada kubwa, alianza mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma, na watoto wapatao 50 katika chumba kimoja. Vifaa vyake vilizaliwa kwa watoto ambao wazazi wao walishinda vibaruani. Hao ndio watoto wangu.

Nauli ya mwanafunzi wa Kimara ni haki yake kuuliza. Chuo kinatoza ada ya mazoezi. Sehemu ya fedha hiyo imfuate yeye barabarani. Na wa Kimara apangiwe Mbezi au Kibamba, huko nako madarasa yamejaa, hakuna ulazima wa Chanika.

Mwalimu mkuu, Temeke

Nimesoma yote. Tuhuma ya kuhamishia wanachuo darasa la tatu ni ya kweli, tunafanya, kwa sababu barua za vyuo huandika tu "tunaomba nafasi ya BTP". Andikeni darasa la awali, andikeni jina la mwalimu wangu atakayewalea, na mkufunzi aje mapema kabla ya wiki ya mwisho ya kujaza fomu. Wakija wawili pamoja darasa langu litagawanyika zamu mbili zinazopumua. Mkiwa tayari kwa hayo, mimi napokea muhula ujao.

Mkufunzi

Mwalimu mkuu, barua ya namna hiyo naweza kuiandika. Kuwaleta wawili pamoja nitapigania kikaoni, kwa sababu wenzangu watasema tunapoteza nafasi. Azimio la kazi la awali la muhula huo mtalitoa mapema ili wanachuo watengeneze zana kabla ya kufika?