Mpango wa maafa na mpango wa tabianchi katika afya: tunaiunganisha wapi?

Bondeni_Afya

Wadau, habari za kazi. Halmashauri yetu ipo bonde la chini la mto, na zahanati kadhaa huingiwa na maji masika yakizidi. Kabatini kuna mpango wa maafa wa sekta ya afya, na pembeni yake mpango wa afya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ulioandikwa na watu wengine kwa fedha nyingine. Wa kwanza unaishia saa 72 za mwanzo, wa pili unaanzia 2050. Zahanati ileile inayozama imetajwa kote kuwili, lakini hakuna mahali palipoandikwa nani anainua friji ya chanjo, na lini.

Nauliza: mnaiunganisha kwa kitu gani hasa? Warsha za uratibu tumezifanya za kutosha. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakisema mvua itakuwa juu ya wastani, mfamasia aagize nini na kiasi gani? Na fedha itoke wapi kabla maafa hayajatangazwa?

Mratibu_Dharura

Mkuu, usiandike mpango wa tatu. Andika jedwali la ukurasa mmoja ambalo mipango yote miwili italirejelea: ishara gani imeonekana, hatua gani inachukuliwa, nani anaichukua, fedha ya kifungu kipi. Kama mstari hauna jina la cheo na kifungu cha fedha, ufute, maana hautatekelezwa.

Ishara ziwe za ngazi tatu, kwa sababu utabiri wa msimu na onyo la siku tano havifai kufanyiwa mambo yaleyale.

Utabiri wa msimu (wa vuli hutoka mwishoni mwa Agosti, wa masika kati ya Januari na Februari) ni uwezekano tu. Ukiwa juu ya wastani, fanya yale ambayo mvua isiponyesha hujapoteza kitu: safisha mifereji ya kituo, pima klorini iliyobaki stoo, inua rafu za dawa, hakiki namba za simu za watendaji wa kata, agiza akiba. Halafu usiangalie El Niño peke yake. Vuli ya 2019 ilimwaga maji mengi Afrika Mashariki bila El Niño yenye nguvu. Kilichosukuma ni joto la Bahari ya Hindi upande wetu kuzidi lile la upande wa mashariki. Aliyesubiri neno El Niño alikutwa amelala.

Onyo la siku tano ndilo la hatua za gharama. TMA huhesabu mvua kubwa kuwa inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na maonyo yao yana madaraja: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwenye tahadhari, wajawazito waliokaribia kujifungua wahamishwe upande wa barabara isiyokatika, na wanaotumia ARV, dawa za TB, insulini na za presha wapewe dawa za kuvuka kipindi cha kukatika kwa barabara. Chanjo zihamishiwe kituo cha juu zikiwa ndani ya nyuzi 2 hadi 8, na barafu za kubebea ziwe zimeshagandishwa. Hapo ndipo wengi hukwama: barafu huhitaji siku nzima au zaidi kuganda, na ukianza umeme ukishakatika umechelewa.

Ngazi ya tatu ni maji yenyewe: kipimo cha mtoni kimefika alama fulani, au kijiji cha juu kimepiga simu. Alama hiyo wachague watu wa bonde wanaojua maji huchukua saa ngapi kufika kwenu.

Mfamasia_wa_Wilaya

Kuhusu kiasi. Kwa kipindupindu tumia kipimo cha WHO cha wagonjwa 100, kinachochukulia kwamba takriban mmoja kati ya watano atakuwa na upungufu mkali wa maji: pakiti 650 za ORS (chumvichumvi za kunywa za kurudisha maji mwilini) za lita moja, chupa 120 za maji ya dripu aina ya Ringer za lita moja pamoja na seti zake za dripu, na mipira ya kulishia ya puani 3 ya wakubwa na 3 ya watoto. Kwa watoto ongeza zinki. Maji weka lita 60 kwa mgonjwa kwa siku. Wapangaji huhesabu dripu wakasahau maji, kisha kambi ya wagonjwa inakaukiwa siku ya pili.

Klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 30 kwa lita 1 kwa matapishi, kinyesi na maiti, gramu 30 kwa lita 10 kwa sakafu, vitanda na vyombo, gramu 7 kwa lita 10 kwa mikono. Changanya upya kila siku. Usiitunze kwenye kopo la chuma, litaliwa na kutu, wala chumba kimoja na dizeli ya jenereta, kwa sababu vikikutana vinaweza kuwaka. Ndoo iliyofunguliwa ikakaa kwenye unyevu miezi kadhaa haina tena asilimia 70, kwa hiyo akiba ya mwaka jana usiiamini kabla ya kuipima.

Kwa maji ya kunywa usikariri dozi, kwa sababu maji ya mafuriko yana tope na tope hula klorini. Tengeneza mchanganyiko mama wa asilimia 1 (gramu 15 kwa lita). Chukua ndoo nne za lita 20, weka mililita 2, 4, 6 na 8. Subiri nusu saa, pima klorini iliyobaki majini. Ndoo iliyobakiza takriban miligramu 0.5 kwa lita ndiyo dozi yako ya leo. Mvua ikinyesha usiku, kesho rudia. Kama zote zimesoma sifuri, acha maji yatulie au tumia shabu kwanza. Kuongeza tu klorini kutawafanya watu wakatae maji kwa harufu na warudi mtoni.

Takwimu_Kata

Ninyi mmeongelea wiki ya kwanza. Mipango hii miwili inaachana pale kamati ya maafa inapofunga kazi maji yakishuka. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya mtu kuambukizwa. Homa ya mgunda (leptospirosis) huonekana zaidi wiki ya pili. Malaria huja kamati imeshatawanyika: mafuriko kwanza huyazoa mazalia, kisha yanaacha madimbwi, yai mpaka mbu ni wiki moja hadi mbili, kimelea kukomaa ndani ya mbu ni takriban siku 10 au zaidi, na mtu huugua wiki moja hadi mbili baada ya kuumwa. Jumlisha, unapata wiki ya nne hadi ya nane. Basi oda ya vipimo vya haraka na dawa mseto itoke siku maji yanapoingia.

Kitu kingine: mafuriko yakikata barabara, ripoti za wiki hupungua, na grafu inaonyesha ugonjwa umeshuka. Kabla ya kufurahi, angalia vituo vingapi vimeripoti. Kituo kilichonyamaza kiandikwe "hakijaripoti", kisiwekewe sifuri.

Mifugo_Tana

Salamu kutoka Kenya. Ongezeni daktari wa mifugo kwenye jedwali hilo. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza pia watu, ndiyo mfano wazi kuliko yote: milipuko ya 1997/98 na 2006/07 ilifuata mvua za El Niño. Mayai ya mbu aina ya Aedes yenye virusi hukaa kwenye mabonde makavu kwa miaka, yakifunikwa na maji yanaanguliwa. Mwishoni mwa 2006 onyo la kisayansi lilitangulia wagonjwa wa Garissa kwa wiki kadhaa, ila chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, watu wakiwa wameshakufa Desemba.

Chanjo itolewe kiangazi. Mlipuko ukishaanza, sindano moja inayopita kwa ng'ombe wengi inaweza yenyewe kueneza virusi, na chanjo ya zamani ya virusi hai inaweza kuharibu mimba. Ishara yenu ya kwanza itakuwa kondoo na mbuzi wengi kutoa mimba kwa wakati mmoja. Mchungaji ataijua kabla ya zahanati, kwa hiyo namba ya simu ya zahanati awe nayo.

Mratibu_Dharura

Narudi kwenye fedha. Kwenye CCHP (mpango kabambe wa afya wa halmashauri) usiandike "dharura" kama fungu tupu. Fungu tupu ndilo la kwanza kuhamishwa. Andika ununuzi wenyewe kwa robo. Akiba ya vuli iweke Aprili hadi Juni ya mwaka wa fedha unaotangulia, kwa sababu fedha za robo ya kwanza mara nyingi huchelewa na mvua haisubiri. Ya masika iweke Oktoba hadi Desemba. Mfadhili wa maafa na wa tabianchi wote waonyeshwe mstari uleule, kila mmoja akiandikiwa sehemu yake, ili kitu kimoja kisinunuliwe mara mbili.

Na kila baada ya mafuriko, piga alama ya rangi ukutani maji yalipofika, na tarehe. Hapo ndipo fundi anapokosea: anajenga upya juu kidogo ya alama hiyo. Hewa ikipata joto nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo alama ya jana si kikomo cha kesho. Soketi, betri za sola na friji viwe juu yake kwa nafasi ya kutosha, na kama kituo kimezama mara mbili, jadilini kukihamisha kabla ya kupaka rangi.

Bondeni_Afya

Nashukuru sana, jedwali naanza nalo. Moja la mwisho: visima vifupi vilivyofunikwa na maji tunavirudishaje?

Mfamasia_wa_Wilaya

Rekebisha kwanza mdomo na sakafu iliyopasuka, la sivyo maji machafu yatarudi. Toa maji na tope taratibu. Ardhi ikiwa bado imejaa maji, ukivuta kwa kasi kuta zinaweza kuanguka. Kisima kikishajaa tena, weka lita 1 ya mchanganyiko wa asilimia 0.2 (ule wa gramu 30 kwa lita 10) kwa kila lita 100. Mfano, kipenyo mita 1.2 na maji kina cha mita 3 ni kama lita 3,400: mchanganyiko lita 34, yaani klorini ya unga takriban gramu 100. Subiri nusu saa au zaidi, kisha vuta maji mpaka kipimo cha klorini kishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Hiyo dawa hailindi kisima baada ya hapo, kwa hiyo ndoo za nyumbani ziendelee kutibiwa, na choo kilicho ndani ya mita 30 kihamishwe.