Naomba ushauri: makala yangu ya magofu ya Pujini imefutwa mara mbili

Assalaam alaykum ndugu wanachama,

Mimi ni mkaazi wa Chake Chake, Pemba, na huu ni mwezi wa pili tangu nianze kujifunza kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni kwa Kiswahili. Nilichagua magofu ya Pujini, ngome inayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba.

Mara ya kwanza niliandika niliyoyasikia kwa wazee, ikiwemo habari ya kisima kilichotenganishwa kwa ukuta ili wake wenza wawili wasikutane wanapoteka maji. Makala ilifutwa siku ya pili, kwa maelezo ya neno moja tu: vyanzo. Mara ya pili nilinakili aya tatu kutoka kitabuni, nikakitaja kitabu chenyewe, ikafutwa kwa sababu ya hakimiliki. Hapo nakiri kosa lilikuwa langu.

Sasa naandika kwa maneno yangu katika ukurasa wa majaribio, lakini tanbihi moja (maelezo ya chanzo) niliyosahau kuiwekea alama ya kuifunga ilimeza aya nzima hadi tanbihi iliyofuata, nami natumia simu, ambayo kuzipata alama hizo za tanbihi ni kazi kwelikweli.

Naomba kuuliza mawili. Je, simulizi za wazee, hata nikizirekodi, zinakubalika kuwa chanzo, au ni lazima ziwe zimechapishwa kwanza na mtu mwingine? Na je, yupo mwenzetu mzoefu, awe Unguja au Pemba, anayeweza kuupitia ukurasa huo kabla sijauhamisha?

Ahsanteni sana.