Mjadala: Kukagua maandishi ya Kiswahili, tulipie programu za kampuni au tushike zilizo huria?

Wadau, naomba tulijadili hili wazi, maana ofisi nyingi zinazoandika Kiswahili kila siku huliamua kimyakimya. Mtu wa TEHAMA ananunua leseni ya mwaka, wahariri wanaambiwa watumie, basi. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa lugha yetu tushike programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzifungua, kuzisoma na kuzibadilisha. Na sababu kubwa si bei.

Tuanze na tahajia. Hunspell, programu iliyoandikwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, ndiyo inayokagua tahajia ndani ya LibreOffice na Firefox. LibreOffice ina faili la maneno ya Kiswahili, sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Watu hulilaumu kwamba linapiga mstari mwekundu chini ya maneno sahihi, na lawama hiyo ina msingi. Chukua neno «aliyemsomea». Kabla ya mzizi -som- kuna a-, -li-, -ye- na -m-. Hunspell kwa kawaida huvua kiambishi awali kimoja tu, na hata ukiipa mpangilio maalumu huishia viwili. Kwa hiyo anayetengeneza faili hana budi kuviunganisha viambishi hivyo na kuviorodhesha kama kimoja, mchanganyiko baada ya mchanganyiko. Kazi hiyo haijaisha. Lakini faili lenyewe ni maandishi matupu. Mwanafunzi wa isimu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulifungua leo akaongeza kinachokosekana. Programu ya kampuni ikikosea neno lilelile, utabofya «puuza» hadi kampuni itakapoona faida ya kulishughulikia.

Tazameni pia LanguageTool, iliyoanzishwa na Daniel Naber mwaka 2003. Inakagua sarufi ya lugha nyingi, zikiwemo Kiesperanto na Kibretoni cha kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Kiswahili hakimo. Hakuna aliyetukataza. Kanuni zake ni mafaili ya wazi, na lugha ndogo ziliingia kwa sababu wenyewe walikaa wakaziandika. Hili linaniuma, maana Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko Kibretoni kwa mbali sana, na walimu wa sarufi tunao kutoka Zanzibar hadi Nairobi.

Nikiambiwa nichague moja kwa chumba cha habari, nachagua Vale, programu huria ya kukagua mtindo wa uandishi. Haihitaji kuijua lugha, inafuata kanuni unazoiandikia. Makosa yanayotuchosha si ya tahajia. «Waziri amewakilisha ripoti bungeni» haina hata neno moja lililokosewa herufi, kwa hiyo mstari mwekundu hautokei, ilhali mwandishi alikusudia «amewasilisha». Kwenye Vale unaandika kanuni ya mistari michache: ukikuta «amewakilisha ripoti», pendekeza «amewasilisha ripoti», na ujumbe wa kumweleza mwandishi kwa nini. «Gari hii» unaielekeza kwenye «gari hili». Ipo pia aina ya kanuni inayomwacha mwandishi achague «barua pepe» au «baruapepe», ila inamkamata akichanganya zote mbili katika faili moja. Mwongozo wa uandishi ambao sasa umelala kwenye droo ya mhariri mkuu unaanza kufanya kazi wakati mtu anaandika.

Kuna jambo dogo la mpangilio ambalo wengi hawalioni. Andika «ng'ombe» kwa alama iliyonyooka, kisha mwenzako aandike «ng’ombe» kwa alama iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe. Kwa macho ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili. Ukitafuta la kwanza kwenye hifadhi ya habari, la pili linaweza kupotea. Kanuni moja inamaliza tatizo hilo. Mengine ya mpangilio, kama nafasi na vichwa vya habari, wanaoandika kwa Markdown (maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio) waachieni Prettier na markdownlint, programu zinazopanga na kukagua mafaili ya namna hiyo. Sioni ubishi hapo.

Sasa hoja za upande wa pili, nami nazichukulia kwa uzito. Wapo wanaosema Word tayari inakagua tahajia ya Kiswahili. Ni kweli, na kwa barua za ofisi inatosha. Wengine wanasema Vale huendeshwa kwa kuandika amri, na mhariri wa miaka hamsini hatakubali. Hoja hii ndiyo nzito. Jibu langu ni kwamba mhariri hana haja ya kuigusa. Fundi aiunganishe na mfumo ambao habari hupitia, mhariri aletewe orodha ya dosari tu. Ndiyo, fundi huyo alipwe. Afadhali fedha za leseni zimlipe mtu anayetuandikia kanuni ambazo zitabaki zetu hata akiondoka.

Kisha kuna siri. Huduma nyingi za kulipia hupeleka maandishi yako kwenye seva za mbali. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania imetunga yake 2022. Rasimu ya hukumu au taarifa ya mgonjwa haifai kutoka nje ya jengo kwa ajili ya kukaguliwa koma. Vale hufanya kazi bila intaneti, na LanguageTool unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe.

Ninapotaka mnibane zaidi ni hapa: kanuni ziwe za nani? BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lipo tangu 1967, Zanzibar wana baraza lao, BAKIZA, na Kenya wana mazoea yao. Mimi napendekeza BAKITA litoe orodha ya vidahizo vya kamusi yake, yaani maneno yanayofafanuliwa humo, vidahizo vitupu bila maana zake, kwa leseni huria, ili iingizwe kwenye Hunspell. Nafahamu wachapishaji watahofia mauzo. Lakini anayenunua kamusi ananunua maana, mifano na ngeli, na hayo yote yangebaki kitabuni. Anayepinga aeleze hasara hiyo ingetokea wapi. Na walioko Nairobi na Mombasa, semeni: mngeridhika na orodha ya Dar es Salaam, au mngetaka faili lenu la sw_KE?