Mjadala: Mama mwenye kisukari apandishwe meli ya kitalii au asipandishwe?

Binti Pangani
Wadau, naomba mawazo kabla hatujalipa. Mimi na wadogo zangu tuko Uingereza, mama anakuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka sabini na kitu, kisukari na presha, lakini anatembea vizuri na anajipikia. Tunataka kumpandisha meli ya kitalii ya wiki moja, ianzie Barcelona, ipite Italia na Ugiriki. Kaka yetu mkubwa aliye Dar amekataa katakata. Anasema meli zile ni wodi isiyo na mlango wa kutokea, na likitokea la kutokea mama atafia mbali na watu wake. Anapima hatari sawasawa, au ni woga tu?

Mzee wa Kisutu
Kaka yenu ana akili. Mmeshaisahau meli ya kitalii Diamond Princess pale Yokohama, Japani, Februari 2020? Watu 3,711 walikuwemo, abiria wakafungiwa vyumbani, na 712 wakapata korona. Wengi wao wazee waliokwenda kustarehe. Na ile ya Italia iliyolala ubavu, mamia walikufa huku nahodha ameshafika nchi kavu. Mzazi wa miaka sabini unamtafutia nini huko? Mpelekeni Umra, akirudi apumzike barazani kwake.

Hajra wa Nungwi
Mamia wapi, mzee wangu? Costa Concordia, Januari 2012, kisiwa cha Giglio: walikuwemo zaidi ya 4,000, wakafa 32. Ni wengi, na kila mmoja alikuwa na mama yake, lakini tusiwaongeze. Nahodha Schettino alihukumiwa miaka 16. Tatizo lenu watu wa bara, mkisikia meli mnawaza kuzama tu. Asiyezoea maji asiwatie hofu wanaoyajua. Dada, mpeleke mama.

Ng'wana Mwanza
"Asiyezoea maji." Hajra, futa hiyo kauli. Mimi ni wa bara na nimekulia kando ya Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mjomba wangu alikuwemo na hakupatikana. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka ikiwa imebakiza kidogo tu kutia gati Ukara, wakafa watu 228. Leo unaniambia sisi hatuyajui maji? Huo woga unaoucheka tumeulipia.

Hajra wa Nungwi
Sifuti. Nasi tumezika. Septemba 2011 meli ya Spice Islander iliondoka Unguja usiku kwenda Pemba, imesheheni watu na mizigo kupita uwezo wake, ikazama. Hata mwaka haukutimia, Julai 2012, ikazama na Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Sikuchezei msiba wako. Ninachosema ni kwamba bibi wa Tanga haendi kupanda Spice Islander. Meli iliyompangia kila abiria kitanda chake na nafasi yake kwenye boti ya kuokolea si sawa na chombo kilichouza tiketi mpaka watu wakakaa ngazini. Mnachanganya mambo mawili.

Kilindini Kwetu
Jamani ndugu zetu wa Tanzania mmejitwalia mjadala. Hapa Mombasa feri ya Mtongwe ilipinduka Aprili 1994, wakafa watu 272. Kwa hivyo makaburi sote tunayo, tuendelee. Mimi namuuliza dada: hiyo meli yapita njia gani? Mwaka 2005 meli ya kitalii Seabourn Spirit ilikuwa yaja kwetu ikashambuliwa na maharamia nje ya Somalia, kwa bunduki na makombora ya kurushia begani. Ikawakwepa, ikaenda zake Shelisheli. Anayepima usalama aanze na njia.

Mzee wa Kisutu
Barcelona mpaka Ugiriki kuna maharamia wa Kisomali? Kilindini, soma swali.

Kilindini Kwetu
Nimelisoma. Wewe ndiye uliyeanza na Japani.

Aliyekuwa Melini
Nimefanya kazi ya usafi wa vyumba kwenye meli hizi, mikataba kadhaa. Nasoma habari za kuzama nasikitika, maana katika abiria tuliowateremsha kwa machela hakuna hata mmoja aliyezama. Walianguka bafuni au ngazini, moyo uliwasumbua, au waliharisha na kutapika hadi wakaishiwa maji mwilini. Norovirusi, kirusi cha kuharisha na kutapika, ndiyo adui wa kila siku. Ile dawa ya mikono ya spiriti mnayowekewa mlangoni pa ukumbi wa chakula haiiui vizuri. Cha kutegemea ni sabuni na maji yanayotiririka. Meli zinazotia nanga Marekani, walioripoti kuugua wakifika asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hutangaza jina la meli hadharani. Usafi nao hukaguliwa kwa alama 100, na meli inayopata 85 kushuka chini imefeli. Lakini ukaguzi hauzuii watu kuficha ugonjwa. Hasa wazee. Wanajua wakiripoti watafungiwa chumbani, na pesa wameshalipa, basi wanatapika usiku kucha na asubuhi wanashika vijiko vya kupakulia vya watu wote.

Mzee wa Kisutu
Hasa wazee! Kijana, wazee uliowahudumia wewe walisafiri peke yao, hawana wa kumwambia. Mzee wetu akiumwa tumbo nyumba nzima inajua. Usimsingizie mama wa watu.

Aliyekuwa Melini
Mzee, sijamtaja mama wa mtu. Nimefuta matapishi kwa klorini na glavu mikononi, nakijua nilichokiona. Nilipougua mimi nilifungiwa chumba cha chini kisicho na dirisha, pamoja na mwenzangu aliyekuwa mzima, na hakuna aliyefungua mjadala kwa ajili yetu.

Nesi wa Ilala
Pole sana, mdogo wangu. Hilo la mfanyakazi mzima kulazwa na mgonjwa ni kosa, na lingestahili mada yake.

Binti Pangani, hatari ya mama iko hapo hapo alipogusa huyu kijana. Mwenye kisukari akitapika ameshameza dawa lakini chakula hakikukaa, sukari inaweza kushuka ghafla. Au inapanda kwa sababu mwili unapambana na ugonjwa huku maji yanaisha. Mwombeni daktari wake aandike kabisa: siku ya kutapika, dawa ipi aendelee nayo, ipi asimamishe, na apime sukari mara ngapi. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Friji ndogo za vyumbani nyingi hazipoi kiasi hicho, kwa hiyo ulizeni mapema kama kliniki ya meli itamhifadhia. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie sanduku linalobebwa na wapagazi.

Kliniki ya meli ina daktari, oksijeni na kipimo cha moyo, lakini si mahali pa upasuaji mkubwa, na kila huduma inaongezwa kwenye bili ya chumba. Akizidiwa atashushwa bandari inayofuata au aje kuchukuliwa kwa helikopta. Ile bima ya viza ya Schengen (viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, zikiwemo Hispania, Italia na Ugiriki), ya kima cha chini euro 30,000, isomeni mstari kwa mstari: inahusu safari ya meli? Inalipia ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kusafiri? Familia inaweza kufilisika kwenye hayo maswali mawili. Na wewe Mzee wa Kisutu, hata Umra huendi bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kwa sababu ileile ya msongamano. Halafu mama mwenyewe mmemuuliza?

Binti Pangani
Asante sana dada, nimeyaandika yote. Insulini anachoma usiku. Mama tumemuuliza, anataka kwenda. Anasema marehemu baba yake alikuwa baharia na yeye hajavuka zaidi ya Pemba. Kaka sasa ameacha habari ya magonjwa, anasema ni gharama.

Ng'wana Mwanza
Hajra hajafuta bado. Unasifu meli za Ulaya kwamba kila mtu ana nafasi yake kwenye boti. Concordia nayo ilikuwa na boti. Abiria waliopanda bandari ya Civitavecchia, Italia, jioni ile walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi la kujiokoa, na saa chache baadaye wakawa gizani wanatafuta pa kwenda. Ndipo kanuni ya kimataifa ikabadilishwa: tangu 2015 zoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Watu 32 walibadilisha kanuni ya dunia nzima. Sisi na Bukoba, Mtongwe, Spice Islander na Nyerere tumebadilisha nini?

Hajra wa Nungwi
Usiseme hakuna. Siku hizi tiketi ya boti Dar–Unguja inaandikwa jina lako na unaonyesha kitambulisho.

Ng'wana Mwanza
Jina kwenye tiketi linasaidia kujua nani kafa. Ulipopanda mara ya mwisho, nani alikuonyesha jaketi okozi linavyofungwa?

Hajra wa Nungwi
Waliweka video kwenye runinga, nusu ya abiria wamelala. Nilimwomba mhudumu jaketi la mtoto, akaniletea la mtu mzima. Nililirudisha nikamwambia anitafutie jingine, na sikukaa mpaka akalileta.

Ng'wana Mwanza
Basi hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo.

Hajra wa Nungwi
Tangu mwanzo ulisema nifute kauli. Na sifuti.